Bomba Lenye Rangi ya Kucha

Watu wakiniuliza yule bwana alinikosea nini, nawaambia alikuwa anapiga mabomba kwa nyundo. Wengi hucheka. Wanadhani kuna jambo jingine nalificha, labda alinitaka, labda alinitukania mama. Hapana. Alikuwa anapiga mabomba ya kuchimbia visima kwa nyundo ya kupasulia mawe, mbele yangu mimi niliyeajiriwa kuyatunza, na kila alipopiga alitabasamu.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nilisomea chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu darasani, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukata nyuzi, zile njia za mzunguko unazoziona kwenye bolti. Bomba la kuchimbia kisima lina nyuzi ncha zote mbili. Ncha moja zimo kwa nje, hiyo mafundi wanaiita dume. Ncha ya pili zimo kwa ndani, hiyo ni jike. Dume linaingia kwenye jike, mnakaza, mnachimba mpaka bomba limezama, mnaunga jingine, na jingine tena, hadi mfike maji yaliko. Kisima kirefu ni mabomba mengi yaliyoshikana kwa nyuzi tu. Hakuna kingine kinachoyashika.

Kampuni iliyonichukua ilikuwa na mradi wa visima upande wetu wa Kibiti, kuanzia Mohoro mpaka visiwani ndani ya delta. Tulikuwa watu sita. Mimi nilikuwa wa nyuzi: kuosha, kukagua, kupaka grisi, kusema lipi lifanye kazi na lipi lipumzike. Msimamizi alikuwa bwana wa miaka hamsini hivi, shingo nene, miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Alijiita Injinia nasi tukamwita hivyo hivyo. Vyeti vyake sikuviona, wala sikukutana na mtu aliyewahi kuviona.

Alikuwa na msemo wake mmoja aliousema kama aya: "Chuma hakichoki. Anayechoka ni mtu."

Chuma kinachoka. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje huku, uukunje huku, uendelee tu. Hutumii nguvu yoyote, mtoto anaweza, na utakatika. Bomba nalo ni hivyo. Likizunguka shimoni huku limepinda hata kidogo, kila mzunguko ni mkunjo mmoja, na kwa siku moja linazunguka mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Mikunjo yote hiyo inakwenda kukaa mahali pamoja, kwenye shina la uzi wa mwisho wa dume, pale jike linapoishia kulishika. Hapo ndipo ufa unapoanza, mwembamba kuliko unywele. Mambo haya si siri. Yamo kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza. Lakini ukimweleza mtu anayejiita Injinia jambo lililomo kwenye kitabu, anakutazama kama umemwomba akupikie.

Mohoro tulichimba visima viwili bila tabu, kwa sababu kule barabara inafika na ardhi inashika. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya kofia. Kila ncha ya bomba ilikuja na kofia yake ya plastiki nzito, ya kulinda nyuzi zisigongwe wala kuingia mchanga. Kuzivua na kuzivika kunachukua muda. Siku ya tatu akasema zinachelewesha, zikatupwa zote kwenye nyasi. Akina mama wa pale wakaziokota wakawa wanapimia mchele. Sikuwalaumu, zilikuwa kofia nzuri.

"Mkuu," nilimwambia, "tunakwenda kwenye maji ya chumvi. Nyuzi zitaliwa."

"Zitaliwa na nani? Na samaki?"

Wenzangu wakacheka. Nilijifunza mapema kwamba kwenye kazi ile kicheko kilikuwa sehemu ya ajira.

Kutoka pale tuliingia delta kwa boti mbili za mbao, moja imebeba mtambo uliofunguliwa vipande, nyingine mabomba na sisi. Tulikuwa tunakwenda kisiwa kimoja upande wa Maparoni. Njiani maji yakapwa tukakwama topeni, tukakaa hapo tukisubiri yajae tena, na muda wote huo mabomba yamelala chini ya boti, ncha wazi, maji ya chumvi yakicheza juu yake. Mimi nilikuwa nachota maji kwa kopo nikiyamwaga nje. Injinia amelala kwenye turubai, kajifunika gazeti usoni. Tulipofika, mabomba yakapangwa ukingoni kabisa mwa mto, yakawa yanarushiwa maji kila yanapojaa. Baada ya wiki mbili nyuzi zilikuwa na vishimo vidogo vidogo vya kutu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kila kishimo kama hicho ni mlango wa ufa.

Kijijini nilipewa kukaa kwa bibi mmoja mjane, mkulima wa mpunga, mtu mwembamba wa maneno machache. Visima vyao vya kuchimba kwa mkono vilikuwa vya chumvi, hivyo wanawake walikwenda na mitumbwi juu mtoni kuchota maji matamu, wakitoka maji yanapojaa na kurudi yanapopwa. Wakikosea saa wanakwama. Bibi alikuwa amekwenda safari hiyo tangu ana kifua cha kitoto. Siku ya kwanza alinitengea wali na samaki wa kukaanga, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hayo maji yenu yatakuwa matamu kweli?"

"Yako chini sana, bibi. Inshallah yatakuwa matamu."

"Mimi sitaki inshallah ya serikali," alisema. "Nataka ya kwako."

Nikamwambia inshallah yangu ni ile ile.

Mwanawe wa mwisho, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa mkata mikoko, na msimamizi akamchukua kama kibarua kwa sababu alikuwa na nguvu na hakuwa na domo. Ndiye aliyekata magogo ya kuwekea mtambo juu ya tope. Aliyapanga safu moja kama alivyoagizwa, kisha akasema kwa adabu kwamba tope la pale halikubali safu moja, lazima safu ya pili iwekwe kwa kukingama, ndivyo wanavyojenga wenyewe.

"Wewe kata miti," Injinia akamwambia. "Ya mitambo tuachie tuliosoma."

Siku ya nne ya kuchimba, upande wa mtoni wa mtambo ulikuwa umezama. Kwa macho huoni. Nilifunga nati kwenye uzi wa nailoni nikaining'iniza kutoka juu ya mlingoti iwe timazi. Ile nati ilikaa mbali na mstari wake vidole viwili vizima. Maana yake kila bomba lililokuwa linashuka lilikuwa linaingia shimoni limepinda, na huko chini linakunjwa na kukunjuliwa kama ule waya.

"Mkuu, mtambo umeegemea."

"Mimi naona umesimama."

"Timazi linaonyesha vidole viwili."

"Timazi ni la waashi, dada. Hapa hatujengi choo."

Kicheko.

Kukaza nako alikaza anavyojua yeye. Bomba likikazwa sawasawa, bega la dume, ule ukingo mnene ulio nyuma ya nyuzi, linakaa kwenye bega la jike bila nafasi, na hayo mabega ndiyo yanayobeba mzigo badala ya nyuzi. Yeye alikaza nusu, kwa sababu yaliyokazwa nusu ni rahisi kufungua jioni. Yakigoma kufunguka alikuwa na ile nyundo. Grisi nikipaka ananiambia napaka kama siagi kwenye mkate wa wageni. Halafu kulikuwa na maneno yake ya dume na jike. Aliyarudia kila siku, huku ananitazama, na kila siku aliyasema kama ndiyo kwanza yamemjia. Nimefanya kazi na wanaume wengi. Wengi wao wana utani mbaya, lakini angalau wanaubadilisha.

Nikaanza kukagua nyufa kwa njia aliyotufundisha mwalimu wangu wa chuo, mzee aliyetumikia karakana ya reli. Unaosha nyuzi mpaka zing'ae. Unazilowesha mafuta ya taa, unaacha yakae. Unafuta kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa. Kisha unapaka unga wa chaki. Kama hakuna ufa, chaki inabaki nyeupe. Kama upo, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi taratibu na kuchora mstari. Chaki nilipewa na mwalimu mkuu wa shule ya pale, boksi zima la vipande vilivyovunjika, wala hakuniuliza za nini. Ndiye msomi pekee niliyemheshimu katika safari ile.

Nilikagua mabomba yote kwa siku mbili, nimechuchumaa kwenye jua. La kumi na moja lilitoa mstari. Kwenye shina la uzi wa mwisho wa dume, mstari wa majimaji ukatokeza kwenye chaki, mwembamba, ukazunguka karibu theluthi ya bomba. Nilikaa nikautazama. Nilifurahi, nakiri, kama mtu aliyemwona mwizi dirishani. Nikaingia ndani nikachukua chupa ya rangi ya kucha niliyokuwa nimenunua Ikwiriri kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nyekundu ya damu ya mzee, nikalizungushia bomba duara pana. Nikaliweka peke yake juu ya miti miwili, mbali na wenzake. Kisha nikamwita msimamizi aje aone.

Alikuja na kikombe cha chai. Alitazama ile duara, hakutazama mstari.

"Bomba umelipaka rangi ya kucha," alisema. "Unataka kuliozesha kwa nani?"

Hicho kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mmoja aliketi chini kabisa. Injinia akaendelea, akauliza mahari, akauliza kama kungwi ni mimi, na chai ikamwagika kwenye viatu vyake vya buti naye akaona hata hilo ni la kuchekesha.

"Mkuu, lina ufa," nilisema. "Likishuka litakatika."

"Chuma hakichoki," akasema, akaondoka.

Mwana wa bibi peke yake hakucheka. Alikuwa mbali kidogo anachonga mti kwa panga.

Jioni ile sikula. Nilikuwa nimejaa dharau. Nilikuwa namwona yule mtu mdogo kuliko siafu, na nilijisemea kwamba mtu mdogo namna ile hastahili kuambiwa jambo mara mbili.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumekaribia. Tope lililokuwa likitoka shimoni lilibadilika, likaja na mchanga mnene safi, na mchanga ule ndio wenye maji. Lilihitajika bomba moja zaidi kufika mahali pa kusimama. Mazima yote yalikuwa shimoni. Lililobaki juu lilikuwa langu. Injinia akaelekeza kidole bila kugeuza kichwa, na mwana wa bibi na mwenzake mmoja wakalibeba begani. Wakapita mbele yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono nimekunja. Ile duara nyekundu ilipita mbele ya macho yangu.

Mwana wa bibi alisita. "Mama fundi," alisema, "hili si lile lako?"

Nikamjibu: "Muulize mkuu."

Nimelifikiria neno hilo miaka hii yote na sijapata namna ya kulisema vizuri. Kibarua wa siku haulizi mkuu. Nilijua hilo. Ningeweza kusimama. Ningeweza kukalia lile bomba, wakanibeba nalo. Nilikuwa nataka likatike. Nilitaka likatike mikononi mwake, mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, na lile tabasamu limo usoni. Niliona kabisa jinsi nitakavyoinuka polepole kutoka kwenye ile ndoo.

Liliungwa, likashuka mita moja na kitu. Kisha mchanga ukalibana na mabomba yote yakagoma kuzunguka. Mtu mwenye akili anayainua kidogo, anasukuma maji, anasubiri. Injinia akamwambia mwana wa bibi aing'atishe spana kubwa ya bomba na kuisukuma kwa nguvu zake zote, huku yeye akiongeza moto wa injini. Spana ile ilikuwa ndefu kama mguu wa mtu. Mashine ikalia, moshi ukatoka mweusi, bomba likajikusanya kama nguo inayokamuliwa.

Mlio ulikuwa mkavu, mmoja tu, kama kuni iliyovunjwa gotini. Kilichobaki juu kilizunguka kwa ghafla, spana ikazunguka nacho, ikampiga mwana wa bibi kwenye mkono wa kulia chini ya kiwiko. Alikwenda chini bila kupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani, umepinda mahali ambapo hapana kiungo.

Niliinuka kwenye ile ndoo, na si polepole. Niliufunga mkono kwa vijiti viwili na kanga yangu. Watu walikuja wakikimbia, mkewe akiwa mbele. Injinia alizima injini, akavua miwani, na macho yake niliyaona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Yalikuwa madogo na ya kawaida kabisa. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Wakiuliza hospitali, aseme ameteleza."

Wakampakia kwenye boti ya mashine na mkewe, wakaenda. Bibi alibaki kwa sababu wajukuu walibaki. Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa inakwenda, lakini chuya alikuwa hazitoi.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa kwenye mkeka.

"Wanasema lile bomba ulilipaka alama."

"Nililipaka, bibi."

"Alama ya nini?"

"Lilikuwa na ufa."

"Ukamwambia yule bwana?"

"Jana nilimwambia. Alinicheka mbele ya watu."

"Na leo?"

Nikamweleza lilivyokuwa, mwanawe alivyoniuliza na mimi nilivyomjibu. Sikuongeza wala sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa ungo kidogo.

"Basi mlidharauliana nyinyi wawili," alisema, "mkono ukavunjika wa mwanangu."

Hakunifukuza. Usiku aliniletea chakula kama siku zote, akakiweka mlangoni mwa chumba changu kimefunikwa, akaenda kula na wajukuu. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Alikuwa ananiita fundi.

Siku tatu zilizofuata tulijaribu kuyatoa mabomba yaliyobaki chini. Kazi hiyo wachimbaji wanaiita kuvua. Unashusha chombo kirefu chenye meno, unapapasa gizani, unatarajia kinase. Hakikunasa. Wanawake waliokuwa wakirudi na maji yao walisimama na ndoo kichwani, wakatutazama.

"Wenzetu mnavua nini?" mmoja akauliza. "Mbona hamtii chambo?"

Walikuwa na haki ya kucheka kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheka pale, na walicheka kidogo tu wakaenda zao.

Shimo likafungwa. Wakaja mabwana wawili wa mradi kutoka mjini kuandika taarifa, mmoja mwenye kompyuta mpakato kwenye mfuko wa nailoni, wa pili mwenye viatu vyeupe. Sijui ni nani aliyemwambia avae viatu vyeupe kuja kwenye tope la mikoko. Wakaketi kwenye viti vya shule. Injinia akasimama akaeleza, kwa sauti ya redio, kwamba mabomba yalikatika baada ya kukutana na mwamba.

Mwamba! Delta nzima ile, mtu akitaka jiwe la kunolea panga analiagiza kutoka bara. Wanapikia mafiga ya udongo kwa sababu mawe hawana. Watoto wa shule ya pale wangemcheka, lakini wale mabwana waliandika: mwamba.

Nilikwenda chumbani nikaleta kipande nilichokata kwenye bomba lililobaki juu, kile chenye uso wa mkatiko. Nilikuwa nimekiosha na kukifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Nikakiweka juu ya meza yao.

"Hapa hakuna mwamba," nilisema. "Tazameni. Sehemu hii nyeusi ni ya zamani, maji ya chumvi yalishaingia. Ina mistari mistari, mmoja nyuma ya mwingine, kama inayobaki ukingoni maji yanapopwa. Kila mstari ni hatua uliyopiga ufa. Sehemu hii ndogo inayong'aa ndiyo iliyokatika siku ile. Bomba lilikuwa limeshikwa na kipande hiki tu."

Mwenye viatu vyeupe alikigusa kwa ncha ya kalamu. "Wewe ni nani hapa?"

"Fundi wa nyuzi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilimwambia msimamizi siku moja kabla, mbele ya watu wote hawa."

Niliwatazama wenzangu. Mmoja alikuwa anachunguza kucha zake. Wengine waligundua kwamba mto una mambo mengi ya kutazama.

"Na siku yenyewe uliwazuia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Aliyeniuliza jambo lile kwanza alikuwa amekaa uani kwake hatua chache kutoka pale, na kuta za makuti hazizuii sauti.

"Hapana," nilisema. "Siku yenyewe sikuzuia."

Injinia akacheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeondolewa jino. "Mmesikia? Alijua!"

Taarifa iliandikwa hapo hapo. Neno mwamba lilibaki, likaongezwa neno uzembe, na uzembe ulikuwa wangu. Mwenye kompyuta alinisomea polepole akidhani sijui kusoma. Nilipewa nafasi kwenye boti iliyokuwa ikirudi na mabwana wale, na njia nzima mwenye viatu vyeupe alivipakata mapajani, amevaa soksi.

Nimewadharau wote hao na bado nawadharau, wala sioni sababu ya kuacha. Nawadharau wale wawili kwa kuwa walikuwa na chuma mezani kinachosema wazi, wakaandika alichosema mtu. Nawadharau wenzangu waliotazama mto. Ila nilipokuwa nikiwapanga hivyo mmoja mmoja ndani ya boti, nilifika kwangu na sikupata pa kujiruka.

Kilichofuata nilikisikia nikiwa Kibiti. Kampuni ilipeleka mabomba mapya, na Injinia yule yule akachimba shimo la pili hatua thelathini kutoka la kwanza. Safari hii mtambo uliwekewa magogo safu mbili, ya pili imekingama. Aliyesimamia upangaji huo alikuwa mwana wa bibi, mkono wake umefungwa shingoni, anaelekeza kwa mkono wa kushoto. Injinia hakusema kwamba alikosea. Alisema amebuni mbinu ya kuchimba kwenye tope. Maji yalipatikana, wakaja watu wa kupiga picha, na picha ile ilizunguka kwenye simu za watu wa Kibiti wiki nzima. Yupo katikati, amevaa miwani, ameshika glasi ya maji juu kama kombe. Nilimwona mara moja baadaye, barabarani karibu na stendi, anakula chipsi ndani ya gari. Akaniita, "Dada wa nyuzi! Hujambo?" Salamu haikataliwi. Nilimjibu sijambo, nikaendelea na njia yangu.

Nilifungua karakana yangu ndogo. Nina mashine moja ya kukereza, kuukuu, niliyoifufua mwenyewe. Wanakuja watu wa bodaboda na bolti zilizokufa nyuzi, wenye mashine za kukoboa mpunga, wenye pampu. Mtu akiniletea chuma chenye ufa na kuniambia nikiunge tu, kitavumilia, nakiweka kando na kusimama kati yake na hicho chuma. Nimegombana na wateja. Mmoja alinisukuma. Sisogei.

Ilipita mwaka na miezi kabla sijathubutu kurudi kisiwani. Nilikwenda Shaabani, na mfuko wa tende na kanga mpya doti moja. Bibi aliniitikia shikamoo yangu, akapokea tende, kanga akaiweka pembeni bila kuikunjua. Hakuwa na kinyongo cha maneno. Alinionyesha ndoo zake zimejaa.

"Matamu," alisema. "Yana chumvi kidogo mwishoni, lakini matamu. Mtumbwi nimempa mwenye kuutaka."

Mwanawe nilimkuta kisimani. Kamati ya kijiji ilimpa kazi ya kutunza pampu, kwa sababu mikoko hawezi tena. Mfupa uliungana vibaya, mkono umebaki na upinde, na ngumi haifungi yote. Tulisalimiana. Akina mama wawili walikuwa wanajaza ndoo, wakamaliza, wakaenda. Tukabaki wawili.

"Siku ile," alisema, "ulivyoniambia nimuulize mkuu. Ulikuwa unajua litakatika?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilidhani umelikagua tena, ukaliona zima."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimedhani kwamba aliogopa mkuu. Kumbe alikuwa ameniamini mimi. Aliona sikusimama, akajua hakuna neno.

Nilimwomba radhi. Sikutaja Injinia, sikutaja kicheko. Aliupapasa ule upinde kwa vidole vya kushoto, kisha akasema yamepita, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Nikaona nisiombe zaidi.

Halafu akanionyesha kiungo kimoja cha bomba la pampu kilichokuwa kinavuja. Alikuwa amekikaza mara nyingi kwa mkono mmoja na bado kinatona. Nilikifungua, nikakuta nyuzi hazijafa, zimeingia mchanga tu. Nikazisafisha kwa brashi, nikapaka grisi, yeye akanishikia bomba kwa mkono wake wa kushoto nami nikakaza mpaka bega likakaa. Tulifungulia maji tukatazama. Hayakutona. Maji yalikuwa yameanza kupwa mtoni na mwenye boti akawa ananiita, nikaosha mikono pale pale bombani, nikashuka kwenda kupanda.